Foleni Iliyojipanga Upya Kila Asubuhi

Kazi niliyokabidhiwa ilionekana ndogo: kuandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, programu ya kupokea majina ya waombaji wa mafunzo, kuondoa ya waliojiandikisha mara mbili, kisha kutoa orodha ambayo aliyetangulia kujiandikisha ndiye atakayetangulia kuitwa. Nikayamwaga majina yote ndani ya seti, kwa kuwa seti haihifadhi kitu kimoja mara mbili, halafu nikaigeuza kuwa orodha. Mstari mmoja tu, nami nikajiona fundi.

Niliijaribu kwa namba, 1 hadi 12, nikirudia 4 na 9, zikatoka zimepangana sawasawa. Jaribio hilo ndilo lililoniponza. Katika Python, kila kitu kinachoingia kwenye seti hukokotolewa namba yake, iitwayo hashi. Hashi ya namba nzima ndogo kama hizo ni namba yenyewe, na seti hukiweka kila kitu mahali panapotokana na hashi yake; kwa hiyo mpangilio nilioufurahia haukuhusiana hata kidogo na nani aliingia kwanza. Laiti ningaliziingiza kinyume, kutoka 12 kushuka hadi 1, zingalitoka vilevile kuanzia 1, nami ningalishtuka mapema.

Siku ya tatu mratibu wa mafunzo akanipigia simu. “Ndugu, foleni yako inajipanga upya kila asubuhi. Jana mtu alikuwa wa 3, leo ni wa 19.”

Sikumwamini, kwani mchana kutwa nilikuwa nimeifungua orodha ile bila kuona badiliko lolote. Ndipo nilipoizima programu na kuiwasha tena, majina yakavurugika mbele ya macho yangu. Tangu toleo la 3.3, lililotoka 2012, Python huchanganya hashi za maandishi na namba ya kubahatisha inayochaguliwa upya kila programu inapoanza, ili mtu mwenye nia mbaya asiweze kuielemea seva, yaani kompyuta inayohudumia wengine, kwa maandishi aliyoyapanga ili hashi zake zigongane. Kinga nzuri, ila mimi sikuwa na habari nayo.

Nikabadilisha seti kwa kamusi, yaani mkusanyiko ambao kila kitu huwekwa chini ya ufunguo wake, nikitumia amri ya dict.fromkeys iliyoyafanya majina kuwa funguo: funguo za kamusi nazo hazijirudii, na tangu toleo la 3.7, la 2018, lugha yenyewe inaahidi kuzitunza kwa utaratibu zilivyoingia. Seti nikaibakiza mahali pamoja tu, penye kuuliza kama jina fulani limekwisha kuitwa, ambapo utaratibu si kitu na jibu hupatikana bila kuipekua orodha nzima.

Nikaiendesha programu upya juu ya faili la awali, nikamtumia mratibu orodha. Yule mtu wa 3 na wa 19 kumbe alikuwa wa 7.