Kikaratasi cha mashine sio unga

Saa kumi na mbili asubuhi simu inaita, kuangalia ni ba'mdogo. Nikajua kuna jambo, maana muda huo huwa yuko njiani anaelekea Kibaigwa na sio mtu wa kuchezea salio.

"Shikamoo ba'mdogo."

"Marahaba. Hivi obijekti promisi ndo mahindi gani hayo?"

Dah. Kwa wasiojua, ba'mdogo ananunua na kuuza mahindi, na mimi nilimtengenezea kaprogramu ka JavaScript (lugha ya kuandikia programu), kila alfajiri kanavuta bei za sehemu tatu, Kibaigwa, Majengo hapa Dodoma mjini na Kondoa (vijana wake wanaziingiza jioni kwenye simu), halafu kanawatumia meseji wateja wake kama 40 hivi. Kalikuwa kanafanya kazi vizuri tu. Sasa usiku wa jana yake nikajifanya naisafisha kodi, kodi ya kompyuta lakini, yaani maandishi ya programu, sio ile ya kulipa, nikajaribu mara moja nikaona meseji zinatoka nikaenda kulala. Niliangalia kama zinatoka, sikusoma zimeandikwa nini. Wateja wakaamka na hii:

Bei ya mahindi Kibaigwa leo: [object Promise] kwa gunia.

Watu 40. Na mmoja akajibu "sawa niwekee gunia 10".

Kosa lenyewe lilikuwa neno moja. Niliandika hivi:

const bei = leteBei("kibaigwa")

wakati ilitakiwa

const bei = await leteBei("kibaigwa")

Nikueleze kwa namna nilivyokuja kuelewa mwenyewe, maana maelezo ya mtandaoni yalinizungusha sana. Kwetu Nkuhungu kuna mashine ya kusaga, ukienda jioni foleni ni ndefu, yule kijana hakwambii usimame hapo mpaka zamu yako ifike, anaandika namba kwenye karatasi, kipande anakiweka kwenye ndoo yako kipande anakupa, unaenda zako gengeni kutafuta mlenda na nyanya, baadae unarudi. Kile kikaratasi ndo promisi. Unga upo njiani, ila ulichoshika mkononi ni karatasi, ukifika nayo nyumbani ukaitia kwenye maji yanayochemka hupati ugali. Mimi nilichukua kikaratasi nikawapakulia watu 40. `await` ndo kusema subiri mpaka unga wenyewe utoke.

Na kikaratasi kina hali tatu tu: bado, imesagwa, au imeshindikana (mkanda umekatika, umeme umeondoka). Ikishakuwa imesagwa basi, unga haurudi kuwa mahindi. Hapa ndo nilikuwa nakosea muda mrefu, nilidhani kila nikiita `then` (yaani jibu likifika fanya hiki) kwenye promisi ile ile inaenda tena kwa seva (kompyuta ya mbali inayotunza bei) kuomba upya, kumbe haiendi, jibu likishatoka limetoka, uliza mara mia utapewa lile lile. Ukitaka bei mpya ita fankisheni (kile kipande cha kodi kinacholeta bei, `leteBei`) upya, upate kikaratasi kipya.

Kwanini wameweka mzunguko wote huu? Kwa sababu JavaScript kodi yako inaiendesha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ikisimama kuisubiri seva ya Kondoa basi kila kitu kimesimama, hata batani haibonyezeki. Zamani watu walikuwa wanatumia kolibaki, yaani unaacha fankisheni ya kuitwa kazi ikiisha, inakuwa fankisheni ndani ya fankisheni ndani ya fankisheni mpaka kodi inaegemea kulia kama mti wa upepo. Promisi ziliingia rasmi kwenye lugha 2015, `async` (alama ya fankisheni yenye `await` ndani) na `await` zikaja 2017, na mimi ukiniuliza tumia hizo za 2017, zinasomeka kama maneno ya kawaida.

Basi nikaweka `await`, nikamwomba radhi mzee, nikalala kwa amani. Kesho yake hakuna aliyepata meseji hata moja hahaha. Nilikuwa nawazungukia wateja kwa `forEach` (pita kwenye orodha, kila mmoja mfanyie hiki) na ndani yake nimeweka `await`, halafu chini kabisa nimeweka amri ya kufunga programu. Sasa `forEach` haimsubiri mtu, inagawa vikaratasi vyote 40 na kuvitupa chini, inasema nimemaliza, programu inajifunga meseji hazijatoka. Tumia `for...of` kama unataka moja moja, au `map` ndani ya `Promise.all` kama unataka zote ziende pamoja.

`Promise.all` naipenda, bei tatu kila moja ikichukua sekunde 4 ukizifuata moja moja ni sekunde 12, ukizituma zote kwa mpigo ni kama 4 tu. Ila ina roho ndogo. Moja ikifeli na yenyewe imefeli papo hapo, zile nyingine zinaendelea na safari zao lakini majibu yake hupewi. Siku mtandao wa Kondoa uliposumbua tukakosa na bei ya Majengo ambapo natembea kwa miguu! Dawa yake ni `Promise.allSettled`, ya 2020 hiyo, inasubiri zote zifike mwisho halafu inakwambia hii imekubali, hii imekataa na sababu ni hii. Sasa hivi Kondoa ikikaa kimya meseji inaandika "Kondoa: bado" na maisha yanaendelea.

Kuna mtego mwingine nao uliniumiza wiki nzima. `fetch`, amri ya kuomba kitu kwa seva, seva ikikujibu 404 (hakipo) au 500 (seva imeharibikiwa) yenyewe inahesabu imefanikiwa, maana jibu limekuja, haijalishi ni jibu la matusi. Ni sawa na kijana wa mashine akurudishie ndoo imefunikwa vizuri, ukifika nyumbani unafunua ni mahindi yale yale. Kwahiyo lazima uangalie `jibu.ok` wewe mwenyewe kabla hujaendelea (inakwambia kama jibu ni zuri kweli), kama sio, rusha kosa kwa `throw`.

Na ukirusha kosa weka wa kulidaka, `catch`, au `try` ukitumia `await`. Node (inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari) ya zamani promisi ikikataliwa bila mdakaji ilikuwa inalalamika tu kwa maandishi, kuanzia toleo la 15 inaizima programu nzima. Mimi nimefurahi, bora izime nione kuliko ninyamaziwe halafu nije kuamshwa na simu ya ba'mdogo.

Yeye mwenyewe alishasamehe, ila mbele ya wateja ananiita Promisi. Na yule wa gunia 10 alipelekewa mzigo wake wote, kwa bei ya jana.