Elki hahitaji mzinga: nilivyorudi kwenye .30-06

Kila niliyemuuliza hapa Colorado, Marekani, bunduki ya kuwindia elki, yule kulungu mkubwa wa huku, alinijibu neno moja: magnum, yaani ya risasi yenye baruti nyingi kuliko kawaida. Muuza duka, jirani, hata jamaa mmoja ambaye hajawahi kuchuna sungura. Nikanunua .300 Winchester Magnum, nyepesi ya kupandia milima, na ndiyo iliyonifundisha kukosa.

Elki dume ana kilo 320 hivi, jike 225. Kwa aliyetoka nyumbani, mfikirie tandala mkubwa dume aliyenenepa. Ni mnyama mgumu kuanguka, lakini sheria ya hapa haidai makubwa: kalibra (upana wa risasi kwa inchi) isipungue .24, kichwa cha risasi kiwe cha kutanuka, uzito wa greini 85 (gramu 5.5 hivi) au zaidi, na kikifika yadi 100 kiwe bado na nguvu ya futi-pauni 1,000, kipimo cha uzito wa pigo. Bunduki za kawaida kama .270, .308 na .30-06 zinavuka hapo bila jasho. Hata 6.5 Creedmoor inavuka, ila mimi nisingempiga nayo elki aliye mbali, na ningesubiri anipe ubavu kamili.

Shida ya magnum ni teke. Kwenye bunduki za uzito mmoja, .300 hupiga bega kwa theluthi zaidi ya .30-06, na bunduki nyepesi huzidisha. Kwa yadi 100 matundu yangu yalitapakaa kama mtama uliomwagika, mengi chini ya shabaha. Nikakaza skrubu za darubini. Nikajaribu risasi za aina tatu, kila boksi la 20 dola hamsini na ushei. Bunduki haikuwa na kosa lolote; kosa lilikuwa mimi, niliyejikunja kwa kuogopa teke.

Dawa ilikuwa risasi bandia, zile za plastiki za mazoezi. Mwenzako anapakia wewe umegeuka: mara ya kweli, mara bandia, hujui ipi. Unalenga, unavuta kifyatulio, inalia "ka!" tupu, na mdomo wa mtutu unadonoa chini kama kuku kwenye punje. Hakuna mlio, hakuna teke, lakini mwili umeshajikunja! Mara ya kwanza nilibisha kwamba nimeteleza. Mara ya nne nikanyamaza. Katika kumi tulitia saba bandia, tukaendelea hadi msalaba wa darubini ukabaki palepale baada ya "ka". Katikati ya wiki nilipiga bunduki ndogo ya .22, maana ni rahisi na haiumi. Masikioni vaa viziba vya ndani na vifuniko vya juu pamoja. Mlio nao hutia woga. Kuna kifaa cha kufunga mdomoni mwa mtutu kupunguza teke, lakini aliye pembeni yako atakulaani.

Nikauza ile .300 kwa hasara na kuchukua .30-06, greini 180. Nimeiweka iguse katikati kwa yadi 200: kwa 100 iko inchi 2 juu, kwa 300 inchi 8 hivi chini, kwa 400 imeshuka karibu futi mbili. Kwa hiyo mwisho wangu ni 300. Nyuma ya mguu wa mbele, theluthi ya kifua kutoka chini, hapo ndipo moyo na mapafu.

Wanaobishana kuhusu kalibra husahau kichwa chenyewe cha risasi. Kile laini cha bei nafuu, kizuri kwa paa, kikigonga mfupa wa bega la elki huvunjika vipande kabla ya kufika mapafuni. Tafuta ambacho kiini chake kimeunganishwa na koti lake la nje, chenye ukuta katikati kama Nosler Partition, au cha shaba tupu. Cha shaba punguza uzito, greini 165 au hata 150, kwa sababu kinahitaji kasi ili kitanuke. Na kwa kuwa hutoboa na kutokea upande wa pili, tazama nani kasimama nyuma ya unayemlenga. Elki hutembea kundi.

Ukibadilisha aina ya risasi, rudi uwanjani kulenga upya. Za shaba zangu zilitua inchi tatu pembeni ya zile za zamani, bunduki ileile, asubuhi ileile.