Crappie na fimbo ngumu

Leo jioni, gatini Kentucky Lake, Marekani. Samaki watatu aina ya crappie wamechomoka mfululizo.
Kwenye ndoana kumebaki kiwambo cha mdomo, chembamba kama ganda la kitunguu.

Kosa ni fimbo ya kuvulia. Ile ni ngumu, ya kambare!

Crappie ana mdomo laini mno. Wamarekani humwita "mdomo wa karatasi". Ukivuta kwa kishindo, ndoana inapanua tundu, samaki huyoo.

Chukua fimbo nyepesi ya futi 6 na nusu au 7, ncha yake ipinde hata ukirusha chambo cha gramu 2.
Rili (kikunjio cha mshipi) saizi 1000 inatosha, mshipi unaohimili ratili 4.

Breki ya rili ilegeze. Vuta mshipi kwa vidole: utoke taratibu, usikwame halafu ushtuke. Rili za bei chee zina ugonjwa huo.

Nyie mnatumia futi ngapi?