Mzee akishindwa kuinuka kitandani, serikali itoe hela au ilete mtu?

Jamani kuna swali halinitoki kichwani tangu mama yetu apooze upande mmoja na sisi watoto tuanze kupeana zamu. Mzee akifika hali ya kutoweza kujigeuza, choo mpaka abebwe, chai mpaka anyweshwe, serikali ikiamua kusaidia isaidie vipi, impe hela au imletee mtu? Wengi fasta wanajibu hela, mengine familia itajua yenyewe. Ila kuna nchi zimeshazipita njia zote mbili, na ukiangalia yaliyowakuta unaona jibu sio rahisi hivyo.

Chukua Ujerumani. Tangu 1995 wana bima ya uangalizi, hii iko mbali na bima ya kutibiwa, mfanyakazi anakatwa kwenye mshahara na mwajiri anachangia. Mzee akidhoofika mtaalamu anakuja nyumbani kumpima, na hapimi sana ugonjwa, anaangalia ni nini anaweza mwenyewe, anaoga? anavaa? anakumbuka dawa zake? Halafu anapangiwa daraja kuanzia 1 hadi 5, na kuanzia la 2 familia inachagua yenyewe, mchukue hela taslimu mumuuguze nyie, au bima ilipe watoa huduma waje nyumbani, au mchanganye. Mwaka 2025 hela taslimu ilikuwa euro 347 kwa mwezi kwa daraja la 2 na 990 kwa daraja la 5, wakati huduma za kuletewa kwa daraja hilohilo la 5 zilifika euro 2,299, yaani zaidi ya mara mbili, na bado familia nyingi sana zinachukua hela. Mwaka 2023 wahitaji walikuwa watu milioni 5.7 na karibu 86 katika kila 100 waliangaliwa nyumbani, wengi wao na ndugu tu.

Ila kilichonigusa mimi sio hizo euro. Ni kwamba binti anayemuuguza mamake angalau masaa 10 kwa wiki, ilimradi kazi yake ya mshahara haizidi masaa 30, ile bima inamlipia michango ya pensheni. Yaani nchi imekaa ikakubali kwamba kumwosha mzazi ni kazi na mtu asije akazeeka maskini kwa sababu yake. Nawafikiria dada zetu walioacha biashara, walioacha ajira, wamekaa na mzee miaka na miaka, siku ya msiba wanashukuriwa kwa maneno mazuri halafu ndo basi, kila mtu anapanda basi anarudi kwake.

Japani wao waligoma kabisa kutoa hela, na sababu yao naipenda sana. Huko mzigo ulikuwa wa mke wa mtoto wa kwanza wa kiume, anawauguza wakwe mpaka wanafariki, na wazee waliokosa mtu walikuwa wanakaa hospitali miezi mingi sio kwa kuumwa ila kwa sababu nyumbani hakuna wa kuwaangalia. Sasa miaka ya 1990 sheria ilipokuwa inajadiliwa kuna waliotaka hela taslimu kama Wajerumani, wanawake wakapinga, mmoja wa vinara wao akiwa Higuchi Keiko, wakasema hela ikiingia humo ndani yule mke wa mtoto ataambiwa si unalipwa wewe, tulia hapohapo. Sheria ikapita 1997, bima ikaanza Aprili 2000, na inatoa huduma tu. Unaanza kuchangia ukifika miaka 40, ukizeeka unalipia asilimia 10 ya gharama, mwenye kipato kikubwa 20 au 30. Kuna mtu maalum anawapangia ratiba, leo msaidizi anakuja, keshokutwa gari linamfuata mzee linampeleka kituo cha mchana na jioni linamrudisha, na kwa asiyeinuka kabisa inakuja gari na beseni lake la kuogea na watu kama watatu pamoja na nesi, wanamwogesha palepale chumbani. Mlioshawahi kumwogesha mtu mzima kitandani mnajua hapo mgongo wa nani umepona.

Hela bila mpango nayo ina yake. Italia inatoa tangu 1980, saivi inapita euro 500 kwa mwezi, na hakuna anayefuatilia umeitumiaje. Familia nyingi zikaajiri wanawake kutoka Romania, Ukraine na kwingineko walale na mzee usiku na mchana, wengi bila mkataba wowote. Ujerumani nako mwanamke kutoka Bulgaria alienda mahakamani na 2021 mahakama kuu ya kazi ikasema hata masaa ya kukaa tayari usiku lazima yalipwe kima cha chini. Nikisoma hayo namwona dada wa kazi wa kwetu, aliletwa kulea mtoto na kupika, ghafla anambeba bibi wa kilo 80 peke yake na mshahara ni uleule.

Kwetu tumeanza na hela. Zanzibar tangu 2016 inatoa pensheni jamii kwa wenye miaka 70 na kuendelea, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, Kenya nayo 2018 ikawaingiza wa 70 kwenda juu kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa hela wasiojiweza, kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Ni jambo kubwa na sitaki mtu alibeze, mzee mwenye chake anaheshimika ndani. Lakini hela hiyo ni ya unga na sukari, pampasi za watu wazima tu zinaimaliza, na haimgeuzi mtu saa nane usiku asipate vidonda vya mgongoni.

Kwaiyo mi nasema ianze mikono. Kenya 2023 ilizindua wahudumu wa afya ya jamii kama 100,000 wenye vifaa vyao, Tanzania nayo ina mpango wake ulioanza 2024, watu hawa wanapita nyumba kwa nyumba tayari. Waongezewe mafunzo ya wazee walio kitandani, wakiingia nyumba wasiishie kupima presha, wamwonyeshe binti namna ya kumwinua mzee bila kuumia kiuno, wakague mgongo na visigino, wamuulize na yeye mara ya mwisho alilala usiku mzima lini. Hayo hayasubiri bima, yanasubiri mtu kuyaandika kwenye mtaala wao.