Umetusomea, Hukutuambia Kitu

Nimeshuka Tanga na basi la jioni kutoka Korogwe, sauti imekauka kama ya mtu aliyekesha ngomani. Boksi lililoondoka asubuhi na vitabu 40 limerudi na 6. Nimechoka, lakini naandika kabla sijalala, maana kuna swali nimeulizwa leo ambalo sitaki lilale bila kuandikwa.

Kitabu changu cha kwanza kilipotoka, miaka 4 iliyopita, niliamini kazi yangu imekwisha. Mimi nimeandika, aliyebaki ni msomaji. Nilichapisha nakala 500 kwa fedha za upatu, nikapeleka chache kwenye maduka mawili ya mjini kwa mali kauli, zilizobaki zikakaa uvunguni. Mwaka mzima ukapita, duka moja likaniuzia nakala 3. Siwalaumu wenye maduka. Wanaishi kwa madaftari na vitabu vya kiada, na mtu anayeingia kununua riwaya ya mwandishi asiyemjua huonekana kwa nadra.

Mwaliko wa kwanza ulitoka kwa mwalimu wa Kiswahili wa shule moja ya sekondari. Aliniweka bwaloni mbele ya wanafunzi kama 300, harufu ya maharage ikiingia kutoka jikoni. Nilifungua kitabu ukurasa wa kwanza nikaanza kusoma, na sikuinua kichwa mpaka sura ilipokwisha. Kurasa 19. Kidole gumba kilikuwa kimelowa jasho hata pembe ya karatasi ikajikunja. Nilisikia mabenchi yanalia, kisha minong'ono, kisha hata minong'ono ikakoma. Nilipoinua macho, msichana wa mstari wa tatu alikuwa amelala begani kwa mwenzake.

Yule mwalimu, mzee anayekaribia kustaafu, alinisindikiza hadi getini. Akasema, "Mwanangu, umetusomea, lakini hukutuambia kitu. Ofisini tulipokuwa tunakunywa chai ulinisimulia habari za yule nahodha wa kitabu chako mpaka chai ikanipoa. Mbona bwaloni hukusimulia vile?"

Maneno hayo nimetembea nayo miaka yote hii. Maana alikuwa ananikumbusha jambo ambalo mtu wa pwani hapaswi kukumbushwa. Fasihi yetu ilisimama kwa miguu kabla haijalazwa kwenye karatasi. Tenzi zilighaniwa. Hadithi ya bibi haikuanza mpaka wasikilizaji waitikie "Pakawa!" Hata ngonjera, ambazo mshairi Mathias Mnyampala alizieneza, na ambazo baada ya Azimio la Arusha la 1967 zilitumika sana kupeleka siasa ya Ujamaa kwa wananchi, zilitungwa ili watu wasimame wajibizane mbele za watu. Sote tulizighani shuleni, tukiwa na soksi zilizovutwa hadi magotini. Halafu nikawa mwandishi, nikasahau kwamba nina mdomo.

Niliwahi kusoma habari za Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, aliyeanza kuwasomea watu kwa malipo mwaka 1858. Kilichonikaa si umaarufu wake. Ni kwamba aliandaa nakala za pekee kwa ajili ya jukwaani: aya amezikata, pembeni ameandika maelekezo ya sauti na mikono. Mtu mkubwa namna ile hakuona kuwa kitabu kilivyochapwa kinatosha kwa masikio. Nami nikachukua nakala yangu moja na penseli. Nikakata maelezo yote marefu ya bandari. Penye kuvuta pumzi nikaweka mstari.

Mazoezi nayafanya barazani kwa mama. Yeye huwa anamenya viazi. Kisu kikiendelea, najua sijamfikia. Kisu kikisimama, hapo pameshika. Sehemu ya nahodha ilinichukua jioni tano mpaka kisu kikasimama. Siku hizi nasoma kurasa mbili tu, tena karibu kwa kichwa, na zilizobaki nasimulia nikiwa nawatazama watu usoni.

Tangu nibadilike hivyo, mwaliko huzaa mwaliko. Mwalimu mmoja humwambia mwenzake wa wilaya ya pili. Mtangazaji wa redio aliyekuja kumwona mwanawe shuleni aliniita studio. Na mchapishaji aliyepokea mswada wangu wa pili alinisikia kwanza kwenye tamasha, akanifuata nikiwa nafunga boksi. Nakala zile 500 ziliisha, nikachapa nyingine.

Kuna jambo moja liliniuma, nalo nilisema. Waandaaji wa kongamano fulani walinitaka niongee asubuhi nzima hotelini. Mpiga picha alilipwa, mpambaji alilipwa, bendi ililipwa. Mimi niliambiwa nitapata kutangazwa. Nilirudi kwa nauli yangu. Tangu siku ile, kabla hatujapanga tarehe nataja nauli, malazi na malipo ya kazi, bila kuona haya, kwa sababu kusimama mbele za watu ni kazi kama kuandika. Shule za serikali siziombi malipo. Naomba meza ya kuuzia vitabu, basi.

Sasa hilo swali. Leo nilipomaliza kisa cha nahodha, kijana wa kidato cha tatu alisimama, mrefu, shati limembana mabegani. Akaniamkia, kisha akauliza: "Mama, yule nahodha alijua kwamba mkewe anajua?"

Bwalo likanyamaza. Mimi pia. Nimeishi na watu wale wawili miaka sita na sijawahi kujiuliza hivyo. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui, na kwamba nitakwenda kutafuta. Akatikisa kichwa kwa uzito, kama tumewekeana ahadi, akaketi.

Basini sikusinzia hata kidogo. Mswada mpya una nahodha yuleyule, amezeeka, na sura ya saba imenishinda tangu Ramadhani. Mkewe anampakulia chakula, anaongea mambo ya majirani, na kila nikiisoma naona kuna kitu kimelala chini ya maneno yake nisichokiona. Mama amekwisha kulala. Nimewasha taa ya mezani, nimefungua sura ya saba, na sentensi ya kwanza niliyoikata ni ile inayosema nahodha hakushuku chochote.