Hedresti inayojipanga yenyewe, jamani msiichukulie poa

Watu wengi wanadhani hedresti, kile kiegemeo cha kichwa juu ya siti ya gari, ni mto wa kulalia kwenye foleni, kumbe kazi yake kubwa ni pale gari la nyuma linapokugonga, mwili unasukumwa mbele na siti halafu kichwa kinabaki nyuma, hapo ndo shingo inaumia. Saab, kampuni ya magari ya Sweden, walileta hedresti ya kujisogeza yenyewe kwenye gari lao la 9-5 mwaka 1997, na wala haikuwa na kompyuta, mgongo wako ukigandamizwa kwenye siti kuna wenzo ndani unasukuma hedresti juu na mbele inadaka kichwa mapema. Simpo tu, na baada ya hapo inarudi yenyewe.

Hizi za mota zenye memori ni nyingine, raha yake mkibadilishana gari na mumeo ukibonyeza kitufe chako inarudi kwenye saizi yako. Ila sie wa rasta na vilemba tunateseka, inakusukuma kidevu kifuani mpaka shingo inakaza, ndo maana wengine wanaing'oa kabisa, mi hapo siwaungi mkono! Bora ulaze kidogo mgongo wa siti. Kama yako ni ya mkono, ipandishe ifike karibu na utosi, isiishie shingoni.