Njia ya Mama

Binti yangu kaniuliza jana akitokea getini: "Baba, mbona haya mawe yamebanana hivi? Na mbona nafasi zake hazilingani?" Yeye huyaruka mawili mawili, miguu mirefu kama ya korongo. Nikamwambia yalipimwa kwa miguu ya bibi yake. Akacheka, akaingia ndani.

Udongo wa huku Goba ni mwekundu, ukilowa unanata na kuteleza kwa pamoja. Masika yale Mama alikuwa akitoka getini hadi baraza ya jikoni kwa kushika ukuta, goti la kushoto limemchosha. Fundi ningempata, lakini njia ile nilitaka niiweke kwa mikono yangu.

Kiangazi kilipoingia nikapiga vigingi na kamba, nikachimba kama sentimita 15, nikamwaga moramu na kuishindilia kwa gogo, kisha mchanga juu yake. Mteremko nikaulaza upande wa migomba, sentimita 2 kwa kila mita, maji yasiikimbilie nyumba. Slabu nilizimwaga mwenyewe kwenye kalibu ya mbao, sentimita 45 kwa 30: ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga, tatu za kokoto ndogo. Nikawa nazimwagilia maji asubuhi na jioni wiki nzima, maana zege likikaushwa haraka hupasuka.

Ikabaki nafasi ya slabu na slabu. Fundi mmoja jirani aliniambia sentimita 60, katikati hadi katikati, hiyo ndiyo hatua ya mtu mzima. Mtu mzima yupi? Nikaulowesha mchanga, nikausawazisha kwa ubao, nikamwita.

"Mama, pita hapa."

"Nipite wapi, mwanangu? Mchanga mtupu huu."

"Pita kama unavyotoka sokoni. Usishike ukuta."

Akavua kandambili, akakunja kanga kidogo, akaanza. Mguu wa kulia ulitua wote, unyayo mzima, vidole vitano vikahesabika. Wa kushoto ulikuja nyuma yake ukiburura, ukaacha mfereji mwembamba, kisha ncha ya vidole tu, kisigino hakikugusa. Kulia, kushoto, kulia. Katikati ya njia akasimama. "Usinitazame hivyo, naona haya." Nikainamisha kichwa hadi alipofika barazani.

Nikachuchumaa na futi. Hatua ya kulia sentimita 42. Ya kushoto 33. Miaka yote nikimuuliza goti likoje, jibu lake lilikuwa moja tu: "Alhamdulillah, sijambo."

Slabu nikazilaza palepale alipokanyaga, moja moja, kwa pima maji na nyundo ya mpira. Kokoto nyeupe za Kunduchi nikazijaza katikati na kandokando, chini kidogo ya uso wa slabu, zisije zikabingirika chini ya kandambili zake.

Sasa Mama yuko Korogwe kwa dada. Kaka anataka tung'oe tuweke pevingi, maana wageni wanajikwaa, na kweli wanajikwaa. Nilipompigia Mama simu akasema, "Ng'oeni tu, mwanangu, mimi nitapita popote." Nimemjibu kaka kwamba kokoto zinakunywa maji ya masika palepale yanapoanguka, na pevingi zitayashusha yote kwa jirani wa chini. Hiyo ni sababu ya kweli. Ile nyingine sijajua kama nayo ni sababu.